Akiba Huoza

Kompyuta imeanza kukohoa usiku,
tik, tik, kama mtu anayetafuta funguo gizani.
Nimeiacha ikiwaka. Naogopa kuizima
nisije nikaizima kweli.

Wasemao akiba haiozi
hawajasikia diski ikikohoa.

Asubuhi nikashuka mjini Kutaisi,
lari mia na arobaini ndani ya soksi ya mjukuu.
Bachana wa duka la vifaa akanipangia mali yake:
kiflashi kama ukucha, eti terabaiti mbili, kwa lari ishirini
("Shangazi Nazibrola, hiki hata mimi sikiamini, nakiuza tu");
diski isiyozunguka, nyembamba, kimya,
bei yake ya kunipandisha presha;
na ile ya kuzunguka, nzito kama mche wa sabuni,
ukiiangusha mara moja, imekwenda na siri zako.

"Au weka winguni. Kila mwezi unalipa kidogo."

Mwanangu, nikamwambia, miaka kumi na tisa
naandika kila usiku jalidi iliposhuka kwenye mizabibu.
Mawingu nayajua mimi.
Huondoka.

Rahisi ni ghali, sawa, tumefunzwa sote.
Lakini ghali nayo, nani kasema haifi?
Nikachukua mbili ndogo za kuzunguka,
za viwanda viwili tofauti,
zisije zikaugua ugonjwa mmoja
kama mizabibu ya shina moja.
Zikabaki lari sita: mkate, na nauli ya kurudi.

Moja iko drooni mwangu.
Ya pili iko Zestaponi kwa dada yangu Tsiala,
kabatini, nyuma ya mitungi ya jozi.
"Inakula nini?" akaniuliza.
Haili. Kila Pasaka nitaijia,
niishibishe, niirudishe.

Usiku ule nikafanya jambo la kichaa:
nikaufuta makusudi mwaka mmoja mzima,
ule tuliopoteza zabibu zote.
Kioo kikabaki cheupe. Kidole kikanitetemeka.
Nikachomeka waya.

Mwaka ukarudi, na hasara yake yote:
Aprili kumi na moja, nyuzi mbili chini ya sifuri,
na chini yake maneno niliyokwisha kuyasahau:
*Guram kawasha moto shambani. Kachelewa.*

Sijapata kufurahi hivyo kuiona hasara.
Kohoa sasa, nikaiambia kompyuta,
nikaizima, nikalala.