Balbu Iliyoungua

Domicele, leo nimelifungua kopo la biskuti,
lile la bati la buluu, ambalo halijaona biskuti
tangu watoto walipoota meno.
Nje theluji imeilalia Kaunas yote
na bomba la maji moto linagonga ukutani
kama fundi anayedai malipo yake.

Kisigino cha soksi kimefumuka.
Kidole nacho kinachungulia, hakina adabu.
Regina wa ghorofa ya tatu anasema: tupa,
sokoni pea tano kwa bei ya mkate.
Nikamwitikia. Nikafunga mlango.
Nikakaa kwenye kiti chako.

Ndani ya kopo: vifungo visivyo na ndugu,
subana iliyotoboka ubavuni,
nyuzi ulizozizungushia tiketi za basi
nilizokuwa nakuletea mfukoni mwa sare,
na balbu tatu zilizoungua.
Miaka thelathini na minane nilikucheka kwa balbu hizo.
Unangoja zifufuke? nilikuuliza.
Ulinitazama juu ya miwani,
ukarudi kwenye kisigino changu.

Leo nimesukuma moja ndani ya soksi:
tundu likatanuka, likakaa wazi, likatulia
kama mgonjwa aliyemwona daktari wake.
Kumbe.

Mimi, niliyeendesha basi la nyaya juu ya barafu
nikiwa na abiria tisini wanaosinzia,
nimeshindwa mara kumi na moja na tundu la sindano.
Nimeulamba uzi ulivyoulamba wewe.
Nimefumba jicho moja. Nimetukana, unisamehe.
Mara ya kumi na mbili ukapita wenyewe,
nilipokuwa nafikiria chai.

Kisha kwenda, kurudi,
juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine.
Nilidhani kutililia ni kuziba.
Sivyo. Ni kufuma kitambaa kipya, kidogo mno,
kishikiliwe pembeni na kile kilichobaki kizima;
na ukivuta kwa hasira, chote kinajikunyata.
Nilivuta kwa hasira. Nikafumua. Nikaanza tena.

Ndipo taa ikakiangukia kiwiko cha sweta langu
na katikati ya kijivu nikaona kijani,
mraba mdogo kuliko stempu.
Kijani! Ni lini?
Labda mwaka ule wa foleni,
dukani hapakuwa na uzi wa kijivu wala sukari.
Sweta hili nimelivaa kazini, harusini kwa Jurga,
chini ya koti siku tuliyokuzika,
nisijue kwamba kiwikoni
nimebeba saa nzima ya macho yako.

Nimemaliza adhuhuri. Kazi mbaya.
Fundo limebaki chini ya kisigino,
gumu kama punje ya dengu.
Wewe ungelikata.
Mimi nimevaa hivyohivyo, nikaenda kununua maziwa,
ngazi sitini na nne kushuka,
fundo likinibonyeza kila hatua.

Regina akanikuta mlangoni,
akauliza mbona nachechemea.
Nikamwambia: soksi mpya.