Maotea

Milo Hruska alikuja mlangoni, kofia mkononi,
kabla sijamaliza kahawa.
"Leona," akasema, "yameota."
Sikuuliza nini.

Mwaka jana alilima ekari arobaini za mahindi ya dawa.
Kampuni ilimlipa mara tatu ya bei ya soko,
ikaleta mbegu kwenye masanduku yenye kufuli,
na kibao cha njano: Usile. Usilishe mifugo. Usiingie.
Kulungu wa Nebraska hawajui kusoma.
Upepo nao hauna adabu ya mipaka.

Sikumlaumu. Benki ilikuwa imeshapima hata ghala lake.
Na punje zile, alinieleza, zina kimeng'enya
cha watoto ambao matumbo yao hayashiki mafuta.
Mjukuu wangu Corrine ni mmoja wao.
Humeza vidonge vitano kabla ya mkate,
vinne akiwa na haraka ya kwenda kucheza.
Ningesema nini mimi?

Mwaka huu shamba lile ni soya,
na katikati ya soya, kijani juu ya kijani,
mahindi yasiyopandwa na mtu:
punje zilizodondoka wakati wa kuvuna,
zikalala chini ya theluji,
zikaamka bila kuulizwa.
Apandacho mtu ndicho avunacho, tulifundishwa kanisani.
Habari ya asichopanda, mchungaji hakuigusa.

Ng'ambo ya waya ni mahindi yangu, meupe,
ya msaga unga wa kule Lincoln,
mtu anayepima kila lori kwa kikaratasi.
Mstari mmoja ukijitokeza, lori linarudi.
Likirudi mara moja, halipokelewi tena.

Simu ya kampuni ilisema: msiguse kitu,
wataalamu na wakili watafika Alhamisi.
Chavua haijui Alhamisi.

Tukaingia na magunia, wazee wawili wenye magoti mabovu,
tukang'oa shina moja moja
mpaka jua likatubabua shingo.
Mia mbili na kumi na saba.
Milo alihesabu kwa sauti, mimi kimoyomoyo,
na hesabu zetu hazikulingana.

La mwisho, au tuliloliona la mwisho,
lilikuwa limeshachanua.
Nikaligusa. Vumbi likabaki kiganjani,
la njano, jepesi kuliko unga.
Nikasimama pale kwenye mtaro, mkono wazi,
nisijue kama ninawe
au nimpelekee Corrine.