Mengineyo

Mwezi wa tano, baridi ilipoanza kuuma Uyole,
nilinunua kaunta buku dukani kwa Sanga
nikapiga mistari kwa rula ya mtoto.
LAZIMA. DHARURA. ANASA.
Na pembeni, safu nyembamba kama ufa wa mlango:
MENGINEYO.

Kazi yangu ni mizani. Napima viazi,
gunia kwa gunia, na hakuna dalali
aliyewahi kunipunja hata robo kilo.
Lakini hela yangu mwenyewe ilikuwa inavuja
kama kiroba cha pumba kilichotafunwa na panya,
na kila tarehe ishirini niko nyuma yake, nimeinama,
naokota.

Basi nikaandika.
Kodi, LAZIMA. Unga, LAZIMA. Ada ya Lusajo, LAZIMA.
Hapo mkono haukusita.
Mahindi mawili ya kuchoma, njia panda ya Tukuyu, elfu moja.
Nikafikiri. Njaa ilikuwepo? Haikuwepo.
Kulikuwa na moto, na mikono yangu.
MENGINEYO.

Kung'arisha viatu, mia tano, kila Jumatatu,
ingawa matope ya huku hayamngoji mtu hadi saa nne:
yule kijana wa brashi ana habari za ligi
ambazo redio haijazipata.
MENGINEYO.

Mchango wa harusi, binti wa Mwakalinga, elfu ishirini.
Binti simjui, ukumbini sikwenda,
kadi ilikuja na jina langu limekosewa.
DHARURA.

Bia mbili na bosi wa maghala.
Nikaandika "mahusiano ya kazi",
nikazisogeza taratibu chini ya LAZIMA.
Bia ya tatu bosi alikuwa ameshaondoka.
Nayo nikaisogeza.

Kitenge cha Subilaga, ANASA.
Kusuka nywele, Subilaga, ANASA.
Mafuta ya nywele hizo hizo,
ANASA, kwa kalamu nyekundu.

Katikati ya Juni, ukungu umeshuka hadi kizingitini,
nikarudi nikalikuta daftari liko wazi mezani,
jiko la mkaa kando yake,
na mke wangu kavaa miwani ya kusomea.
Hakupaza sauti. Hicho ndicho kilichonitisha.
"Baba Lusajo," akasema, "kumbe mimi ni anasa?"
Nikasema si wewe, ni kitenge.
"Kitenge nilichokivaa msibani kwa shangazi yako?
Ulitaka nikamlilie na gauni la kulalia?"

Akachukua kalamu.
Kitenge kikahama. Nywele zikahama.
Bia ya tatu akaikokota hadi ANASA
bila kusema neno, na zile mbili zikaifuata.
Kisha akaligeuza daftari, akatazama jalada.
"Na hili lenyewe, elfu nne,
uliliandika wapi?"

Nikapekua. Ukurasa wa kwanza. Wa pili.
Sikuliandika.

Mtu angesema tulicheka. Siku ile hatukucheka.
Aliepua viazi tukala kimya,
chumvi imezidi, na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Siku hizi tunaandika wawili.
Mwandiko wake umelala, wangu umesimama.
MENGINEYO imenenepa hadi imekula safu ya jirani,
na hesabu haijawahi kukaa sawa:
kuna elfu mbili inapotea kila mwezi
mahali fulani kati yangu na yeye,
na hakuna anayeungama.

Jana, nikitafuta bei ya zamani ya mkaa,
niliukuta mstari wake wa Julai, ule mwandiko uliolala:
Soksi za sufu, jozi moja, Mwanjelwa. Za baba Lusajo.
LAZIMA.
Kalipigia neno hilo mstari chini, mara mbili.

Nikavua viatu pale pale nizitazame.
Kidole gumba cha kushoto
kimeshatoboa.