Toka Kidogo

Jumamosi, saa nne, jua halijaanza ukali.
Nafungua begi juu ya benchi lililokatika ubao mmoja
katika bustani ya mimea, jirani na Makumbusho.
Bei yangu iko kwenye kadibodi:
elfu mbili, unangoja, unaondoka nayo.
Printa inakula betri ya pikipiki,
inakohoa, lakini inatoa.

Wanakuja. Bwana harusi wa Buguruni
na suti ya kuazima, lebo bado iko mkononi.
Wahitimu watatu na joho moja,
wanalivaa kwa zamu, kofia inawameza masikio.
Bi Tatu na mkwewe, wamekuja hawasemezani,
mbele ya lenzi wakashikana viuno.
Tausi anapita, anajua anatazamwa;
akikunja mkia ni kuku tu aliyejaliwa shingo.

Na nyuma yao wote, kila mara, mpira wa maji.
Nangomwa, mtunza bustani,
buti za njano, suruali imekunjwa mguu mmoja,
anamwagilia palepale ninapopataka mimi.
"Toka kidogo, Nangomwa."
Anatoka.
"Kidogo tena. Kivuli chako."
Anaondoka na kivuli.
Miaka kumi na mmoja,
mpaka neno likawa salamu yetu:
hujambo, sijambo, toka kidogo.

Ijumaa ile alikuja bila mpira.
Shati jeupe, mstari wa pasi umesimama kwenye mikono,
barua ya manispaa ndani ya bahasha ya kaki.
"Wamenistaafisha leo," akasema. "Nipige moja.
Pale kwenye bogonvilia. Niliipanda mimi,
ilikuwa kijiti, mbuzi wa mtu akakitafuna, kikarudi."

Nilikataa pesa. Akaichomeka kwenye begi hata hivyo.
Akasimama. Mikono haijui pa kukaa,
vidole vinatafuta mpira usiokuwepo.
Nikapiga goti. Moja, mbili,
na kamera ilipofika jichoni, Nangomwa akasogea,
hatua mbili kando, upesi, kwa adabu,
kama mtu aliyekumbuka kuwa kasimama mlangoni mwa watu.

Tukacheka. Nikamrudisha kwa bega.
Nikainua tena. Akasogea tena.
Mara ya tatu hatukucheka.

Printa ikakohoa.
Bogonvilia nzima, nyekundu mpaka inaumiza,
ardhi imelowa,
na pembeni kabisa, mkono wa shati,
mstari wa pasi, vidole vinne.

Nikamwambia ngoja, hii tunaitupa, tupige nyingine.
Yeye keshaishika kwa ncha, anaipuliza ikauke.
Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali na macho,
akaileta karibu, akaitia kwenye bahasha ya kaki
pamoja na barua.

"Maua yametoka vizuri," akasema.
Kisha, akiwa ameshageukia geti:
"Na mimi nimetoka."