Kitabu Kilichogeuzwa

Hexham, Novemba. Chumba cha nyaraka hakina dirisha,
nami nimenawa mikono mara mbili kabla ya kukugusa,
Bi Dowsabel wa Harlaw, mke wa Sir Ingram,
uliyekufa miaka mia tatu na themanini iliyopita
na karatasi zako bado zanuka moshi.

Upande wa mbele ni hesabu.
Mishumaa, dazeni sita. Samaki wa chumvi, pipa moja.
Kwa fundi wa paa, shilingi nne, naye hakumaliza.
Mwandiko umesimama wima kama watumishi mlangoni,
na chini ya kila ukurasa, kwa wino mzito,
mumeo ametia sahihi kwamba ameona.

Hakuona.

Kwani ukikipindua kitabu, miguu ikawa kichwa,
ukaanza kusoma kutoka nyuma,
mwandiko unalala, unakimbia,
wino umezimuliwa kwa bia pale ulipopungua:
"Leo ameniuliza naandika nini. Nikasema, bei ya nta."

Unamwandikia dada yako Averil, aliyeozwa ng'ambo ya mto Tweed,
barua ambazo hukuzituma, au ulizituma
na hizi ni vivuli vyake; sijui.
Unamfundisha kushona barua kwa uzi wa hariri,
"mwekundu, nipate kujua ukikatwa."
Unamwambia mtoto wa tatu aliishi siku tisa.
Ukurasa wa pili yake ni dawa ya kikohozi.
Unaofuata hauna kitu, ila alama ya kidole.

Kwetu, mwanamke mwenye neno lisilosemeka
hulivaa, akapita nalo barazani,
mhusika akalisoma mgongoni.
Wewe ulikuwa na karatasi ya mume, na kuipindua.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi leo kata ni mimi, nateka bila kuitwa,
na hata kiu si yangu.

Nafika katikati.
Hapa hesabu inayoshuka na siri inayopanda
zimekaribiana hadi kuacha nafasi ya mistari miwili.
Upande huu: "Jeneza, mwaloni, shilingi kumi na moja."
Chini yake hakuna sahihi.
Upande ule, kichwa chini:
"Averil, amezikwa Jumanne. Kitabu sasa ni changu chote,
na karatasi imekwisha."

Nimeipima nafasi ile kwa rula.
Ingetosha sentensi moja, ya mwandiko wowote kati ya miwili.
Nakigeuza kitabu. Nakigeuza tena.
Mlinzi anagonga: saa kumi, tunafunga.