Udongo wa Charm

Nakijwa, dada yangu, nimelipa dola mia na themanini
kwa usiku mmoja, nilale kwenye nyumba ya udongo.
Cheka kwanza. Nakungoja.

Ni magogo ya mwaloni, kweli, yamechongwa kwa shoka
na mtu aliyekufa kabla babu yetu hajaota meno,
lakini kati ya gogo na gogo
wamekandika.
Udongo, majani makavu, chokaa kidogo.
Nilipoingia nikiburuta begi la magurudumu
pua ilijua kabla ya macho:
nyumba ya bibi kule Mbaga, wakati wa vuli,
ukuta ukinywa ukungu.

Tangazo lilisema ni ya kihistoria.
Ya baba ilikuwa na miaka arobaini, tukaiita aibu.
Unakumbuka? Aliuza Mabaka na yule ng'ombe wa pembe moja,
akaleta bati, akaleta matofali ya saruji,
akaubomoa ukuta kwa jembe asubuhi moja
kabla ya chai,
na sisi tukapiga makofi.

Hii nayo iliwahi kubomolewa.
Kila gogo lina alama ya patasi kwenye kona,
mistari miwili, msalaba, mistari mitatu,
ili walipoihamisha kutoka bonde la pili
kila gogo limtambue ndugu yake.
Mlango umekaa upande hata hivyo. Unafungwa kwa teke.

Ijumaa usiku upepo uliangusha kipande cha ukuta
juu ya mto wa shemeji yako Eliapenda.
Aliruka akipiga kelele za nyoka.
Huku Ohio, Oktoba, baridi hii, nyoka!

Asubuhi akaja Verna Hershberger, mwenye nyumba,
ndoo mkononi, kofia nyeupe ya kitambaa, viatu vya mpira,
akaomba radhi kama aliyevunja sahani ya mgeni.
Nikamwambia, nipe.
Nikavua pete. Nikakunja mikono ya sweta.
Donge, nalitupa ndani ya ufa, nalisukuma kwa kiganja,
donge jingine, mpaka mwanga ukakoma kupenya.
Akauliza nani alinifundisha.
Nilitaka kumtaja mama. Kiingereza changu kikasema: nyumbani.
Akanipa neno lao la udongo, la Kijerumani chao;
lilikaa mdomoni dakika tano, likaniponyoka.

Halafu akauliza kama kule kwetu sasa kuna umeme.
Upo, nikasema.
Akatikisa kichwa,
sijui kwa pongezi au kwa pole.
Nje, farasi wake aliyefungwa kwenye gari
alikuwa akikojoa bila haraka.

Leo Jumanne niko wodini Columbus.
Nimesugua kwa brashi, kwa dawa, kwa ukucha wa pili,
bado weusi umeng'ang'ania.
Mgonjwa wa chumba cha tisa ameniuliza kama nina bustani.
Nimemwambia ninayo.

Nijibu jambo moja ukipata nafasi:
lile jembe la baba,
alibaki nalo nani?