Mfupa Umetangulia

Wiki ya tano, daktari Tsiala anainua picha dirishani,
theluji ya Kutaisi ikianguka nyuma yake,
ananionyesha paja la Bezhani:
palipokatika pamevimba wingu jeupe, gumu.
Mfupa umeunga kabla ya siku zake.

"Hutokea," asema, "kichwa nacho kikiumia.
Kwa nini, hatujui vizuri."
Ni kama ubongo umepoteza hesabu
na bado unatuma mafundi,
saruji juu ya saruji.

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Huyu fundi wa mapaa,
aliyenimalizia ngazi ya jikoni kwa miaka mitatu,
leo mifupa yake ina haraka!

Haraka hii ina baraka gani?
Mguu uko tayari kusimama,
mwenyewe hajui kuwa ni wake.
Jana kaniita Eteri.
Eteri ni dada yake, alizikwa akiwa na miaka tisa.
Nikaitika.

Sasa na goti limeanza kukakamaa.
Mfupa unaota hata pasipovunjika,
ndani ya nyama, bila kubisha hodi.
Basi kila asubuhi nalikunja, nalikunjua,
polepole, mkono wangu chini ya kisigino,
nikihesabu kwa sauti
kama ninayemfundisha mtoto kuruka kamba.

Leo nilipofika saba
koo likanikaba, nikanyamaza.
Yeye, macho darini,
midomo mikavu,
akasema:
"Nane."